Nyota Isiyo na Chuma

Sufuria ya wali ikifurika na maji yenye chumvi yakatiririka hadi kwenye jiko la gesi, mwali wa samawati hugeuka manjano papo hapo. Maji yakikauka, mwali unarudia rangi yake. Ile manjano ni ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi. Sodiamu ikipata joto la kutosha hutoa manjano hiyo hiyo, iwe Tandika, iwe Tokyo, iwe juani. Kila elementi ina rangi zake, na haiazimi za mwenzake.

Naanzia jikoni kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia ni ya mbali sana, na msomaji ana haki ya kujua watu wameijuaje. Hakuna aliyekwenda kwenye nyota na kijiko akachota kidogo arudi nacho. Kinachotufikia ni mwanga peke yake. Lakini mwanga huo ukipitishwa kwenye kioo cha pembetatu, au kwenye kifaa cha kisasa kinachofanya kazi hiyo kwa ustadi zaidi, hutanuka ukawa utepe wa rangi kama upinde wa mvua, na ndani ya utepe huo kuna mistari myembamba myeusi. Mwaka 1814 fundi wa vioo wa Ujerumani, Joseph von Fraunhofer, alihesabu mistari 574 katika mwanga wa jua. Hakujua ni ya nini. Karibu miaka 45 baadaye, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, wakiwa Heidelberg, walionyesha kwamba mistari ile ni elementi zenyewe: gesi iliyo juu ya nyota humeza rangi zile zile ambazo ingezitoa ingeunguzwa jikoni. Pale penye mstari mweusi katika eneo la manjano, sodiamu imepita.

Chuma ndicho chenye makeke kuliko zote. Katika mwanga wa jua huacha maelfu ya mistari. Mtu akifungua utepe wa rangi wa nyota ya kawaida, alama za chuma zimetapakaa kama nyayo za kuku kwenye ua uliofagiliwa.

Ndiyo maana nyota moja iliyotangazwa mwaka 2014 iliwashtua walioichunguza. Haina jina la kupendeza, ina namba tu: SMSS J0313-6708. Iko mbali sana, katika anga la kusini, na ni hafifu mno kwa jicho tupu. Darubini ya SkyMapper iliyopo Siding Spring, Australia, iliinasa miongoni mwa nyota milioni 60 ilizokuwa imezipiga picha. Rangi yake ilidokeza kwamba ina upungufu wa elementi nzito. Kundi la Stefan Keller wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia likaipeleka kwenye darubini kubwa zaidi, ile ya Magellan yenye kioo cha mita 6.5, juu ya mlima Las Campanas nchini Chile. Wakaufungua mwanga wake wakatafuta chuma.

Hawakukiona. Walitafuta kila mahali ambapo mstari wa chuma ungepaswa kuwepo, na kila mahali palikuwa peupe. Kwa ubora wa vipimo vyao waliweza kusema hivi: kama nyota ile ina chuma chochote, basi kwa kila sehemu milioni 10 za chuma cha jua, yenyewe haifikishi hata moja. Waliona alama za hidrojeni, lithi, kaboni, magnesi na kalsiamu, basi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye nyota hii mambo yamegeuka, maana habari yote imebebwa na huyo asiyekuwepo.

Ili kuelewa kwa nini kukosekana kwa chuma ni jambo kubwa, inabidi kwanza tujue chuma hutoka wapi. Hapo kuna mtu ambaye naona ametajwa kidogo kuliko anavyostahili. Mwaka 1925 mwanamke Mwingereza wa miaka 25, Cecilia Payne, aliandika tasnifu yake huko Harvard, Marekani. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba jua limeumbwa kwa vitu vile vile vya dunia, tena kwa kiasi kile kile, kwa kuwa mistari ya chuma ilikuwa mingi kuliko yote. Payne alichukua hesabu za Meghnad Saha, mwanafizikia wa India aliyekuwa ameeleza jinsi joto linavyozivua atomu elektroni zake, akaonyesha kwamba wingi wa mistari si wingi wa kitu. Chuma kinapiga kelele hata kikiwa kidogo. Hidrojeni, katika joto la jua, hunong'ona tu, ilhali ndiyo iliyojaa. Hesabu yake ilitoa hidrojeni mara milioni moja zaidi ya metali. Henry Norris Russell, mwenye sauti kubwa katika fani wakati ule, alimwambia kwamba jambo hilo haliwezekani, na katika tasnifu yake binti yule akalazimika kuandika kuwa matokeo hayo karibu hakika si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell aliyafikia mwenyewe kwa njia nyingine, akakiri kwamba Payne alikuwa sahihi. Nikisoma habari hii huwa nauma meno. Aliyeona alikuwa amekwisha kuona.

Kwa hiyo ulimwengu ni hidrojeni na heli, na vingine vyote ni chembe za chumvi kwenye sufuria. Hivi sasa tunajua kwamba miaka bilioni 13.8 iliyopita, katika dakika za mwanzo kabisa, zilipatikana hidrojeni, heli na lithi kiduchu. Kaboni haikuwepo. Oksijeni haikuwepo. Kisu chako cha jikoni hakikuwa na mahali pa kuanzia. Vyote hivyo vilipikwa baadaye, ndani ya nyota.

Ushahidi wa wazi kwamba nyota hupika ulipatikana mwaka 1952. Paul Merrill, akiwa California, aliona mistari ya teknetiamu katika nyota kadhaa kubwa nyekundu. Teknetiamu haidumu: huoza, na hata aina yake inayokawia zaidi hupungua nusu kila baada ya miaka milioni 4 hivi. Nyota zile zilikuwa na umri mkubwa kuliko huo kwa mbali. Kama teknetiamu ipo, basi imetengenezwa humo humo, juzi. Ni sawa na kuingia nyumba inayodaiwa kuwa gofu ukakuta chai ya moto mezani. Mwaka 1957 Margaret na Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle wakatoa andiko la kurasa zaidi ya 100 wakieleza, hatua kwa hatua, jinsi kila kundi la elementi linavyotengenezwa. Mengi waliyoyaandika yanasimama hadi leo.

Nyota nzito, yenye uzito wa zaidi ya majua manane hivi, huunguza hidrojeni ikapata heli, heli ikapata kaboni, kaboni ikazaa neoni na magnesi, oksijeni ikazaa silikoni. Kila tabaka hukaa ndani ya jingine, kizito kikiwa katikati. Kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia. Hidrojeni hutosha kwa mamilioni ya miaka. Silikoni, ya mwisho, huisha kwa muda wa siku moja hivi. Kinachobaki katikati ni chuma, na chuma hakiwaki. Atomu za chuma ukiziunganisha hazitoi nishati, zinadai nishati. Kitovu cha nyota kinakosa nguvu ya kujishikilia na kuporomoka chini ya sekunde moja. Mporomoko huo unapogonga mwamba wa nutroni na kurudi nyuma, nyota nzima hupasuka. Huo ndio mlipuko tunaouita supanova.

Mara ya mwisho watu kuiona supanova kwa macho yao matupu, bila shida, ilikuwa mwaka 1987, na ilitokea upande wetu wa anga. Jumatatu tarehe 23 Februari, saa 4:35 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, matangi ya maji na mafuta yaliyofukiwa ardhini Japani, Marekani na Urusi ya wakati ule wa Kisovieti yalinasa neutrino zipatazo 25 katika muda wa sekunde 13 hivi. Neutrino ni chembe zinazopenya kila kitu, na zilikuwa zimesafiri miaka zaidi ya 160,000 kutoka Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani. Mimi saa ile nilikuwa darasa la tatu, Lindi, nikikariri jedwali la kuzidisha. Zilipita mwilini mwangu kwa matrilioni, na mwilini mwa wenzangu wote na mwalimu, na hakuna aliyehisi.

Saa chache baadaye mwanga wenyewe ukafuata. Usiku wa kuamkia tarehe 24, juu ya Las Campanas, Mkanada Ian Shelton aliona doa kwenye bamba la picha alilokuwa amelipiga, akadhani kwanza ni kasoro. Mwenzake Oscar Duhalde alikuwa ametoka nje usiku ule ule, akaiona kwa macho. Ni mlima huo huo ambao miaka mingi baadaye ungetumika kuipima nyota isiyo na chuma.

Lindi, Mtwara, Kilwa, hata Dar es Salaam, Wingu Kubwa la Magellan huonekana upande wa kusini, juu ya upeo, kama kipande cha moshi kilichosahaulika. Mwishoni mwa Februari huwa limefika juu kabisa ya njia yake giza linapoingia. Wavuvi wetu wanalifahamu kwa macho hata kama hawana haja na jina hilo la Kireno. Mwaka 1987, kwa miezi kadhaa, pembeni mwa wingu lile kulikuwa na nyota mpya. Najuta kwamba hakuna aliyetuambia tutazame juu. Nchi za kaskazini zenye darubini kubwa zilizokuwa zikingoja tukio la namna ile kwa karne karibu nne hazikuweza kuiona kutoka kwao. Sisi ilikuwa juu ya mapaa yetu.

Supanova ile ilifundisha jambo ambalo nadharia peke yake isingeweza kulithibitisha. Mlipuko hautoi chuma moja kwa moja. Hutoa nikeli isiyo imara, nikeli ya 56, ambayo nusu yake hugeuka kobalti kila baada ya siku 6. Kobalti nayo hugeuka chuma, nusu yake kila baada ya siku 77. Wanaastronomia walipochora jinsi mwanga ulivyokuwa ukififia mwezi hadi mwezi, mstari ulishuka kwa mwendo wa siku 77 barabara. Kisha chombo cha angani kikanasa miale ya gama yenye nguvu ile ile inayotolewa na kobalti ya 56 katika maabara duniani. Chuma kilikuwa kikizaliwa huku watu wakitazama. Jumla yake ilikadiriwa kuwa asilimia 7 ya uzito wa jua, yaani dunia zaidi ya 20,000 za chuma kitupu kutoka nyota moja.

Sasa turudi kwenye nyota yetu. Nyota za kwanza kabisa, zilizotokana na hidrojeni na heli tupu, zilikuwa nzito na ziliishi muda mfupi. Hakuna hata moja iliyowahi kuonekana. Lakini zilipopasuka zilimwaga majivu yao kwenye mawingu ya gesi, na kutoka mawingu hayo kikazaliwa kizazi cha pili. Baadhi ya wana wale walikuwa wadogo, wenye matumizi ya pole pole, na wangali hai. Ngozi ya nyota ndogo kama hiyo haijachanganyika na mapishi ya ndani. Imehifadhi gesi ya siku ya kuzaliwa kwake. Ukipima kilichomo humo, umepima urithi. Jua letu limerithi kutoka kwa mababu wengi mno hata haiwezekani kumtaja mmoja. SMSS J0313-6708 inaelekea kuwa na mzazi mmoja tu.

Mzazi gani huyo anayerithisha kaboni nyingi, magnesi kidogo, na chuma hata punje asiache? Supanova ya kawaida, kama ya 1987, ingemwaga chuma cha kutosha kuonekana. Keller na wenzake walipendekeza nyota ya uzito wa majua 60 iliyopasuka kwa unyonge. Mlipuko ulikuwa na nguvu ya kuyasukuma maganda ya nje, yenye kaboni na magnesi, lakini haukuweza kukitoa chuma cha katikati. Kile kiliporomoka tena ndani na kumezwa na shimo jeusi lililokuwa likizaliwa. Wengine baadaye walirudia hesabu wakasema majua 25 au 40 yangetosha. Katika hilo hawajaafikiana, ila karibu wote wanakubali kwamba chuma kilibaki nyuma. Hakuna darubini iliyowahi kuiona nyota hiyo ya kale wala shimo lake. Tunaijua kwa sababu ya kitu ambacho haikumwachia mwanawe.

Ikabaki kalsiamu. Kiasi chake katika nyota hii ni kidogo mno, lakini kipo, na kalsiamu huzaliwa katika tabaka za ndani karibu na chuma. Kama chuma kilishindwa kutoka, kalsiamu ilitokaje? Jibu lililopendekezwa tangu mwanzo ni kwamba ilipikwa mapema, nyota ikiwa bado inaunguza hidrojeni, kwa mlolongo wa miitikio inayovuka kutoka florini kwenda neoni na kuendelea. Tatizo ni kwamba hesabu za zamani zilisema njia hiyo ni nyembamba mno. Basi kundi la watafiti wa China likaenda kuipima katika maabara ya Jinping, iliyo chini ya mwamba wa mita 2,400, ambako miale ya angani haifiki kuvuruga vipimo. Walizirushia atomu za florini protoni, siku baada ya siku, wakihesabu zile chache zilizogeuka neoni. Mwaka 2022 walitangaza kwamba njia ile ni pana mara kadhaa kuliko ilivyodhaniwa, upana unaotosha kuieleza kalsiamu ya nyota ile. Jambo hili linanigusa kuliko mengine yote katika habari hii: watu wamejichimbia chini ya mlima ili waeleze mstari mmoja hafifu katika mwanga wa nyota.

Si wazazi wote waliokuwa wanyonge. Nyota nyingine ya kale, HE 1327-2326, iliyogunduliwa na Anna Frebel na wenzake, ina chuma kidogo mno lakini mwaka 2019 darubini ya Hubble ilionyesha kuwa ina zinki nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Zinki hutengenezwa ndani kabisa. Maelezo yaliyofaa ni kwamba mzazi wake hakupasuka sawasawa pande zote kama puto; alirusha vitu kwa mikuki miwili, na mikuki ile ikachomoa vya ndani.

Nyongeza moja ni muhimu, kwa kuwa husikika vibaya mitaani na hata darasani. Dhahabu ya Geita haihesabiwi kwa urahisi kuwa mtoto wa supanova. Tarehe 17 Agosti 2017 nyota mbili za nutroni ziligongana, mtetemo wake ukanaswa duniani, na mwanga uliofuata ulionyesha elementi nzito zikitengenezwa kwa wingi. Stronti ilitambuliwa humo kwa jina miaka miwili baadaye. Migongano ya aina hiyo ndiyo inayopewa sehemu kubwa ya dhahabu. Chuma nacho kina baba wa pili: nyota kibete nyeupe zinazolipuka, ambazo moja tu hutoa chuma karibu mara 10 ya kile cha 1987. Hizo huchelewa, mamia ya mamilioni ya miaka au zaidi. Ndiyo sababu nyota yenye magnesi nyingi ikilinganishwa na chuma hujulikana kuwa ya zamani: ilizaliwa kabla baba wa pili hajafika.

Kuna chuma kingine, chuma cha 60. Huoza, nusu yake kila baada ya miaka milioni 2.6, na dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5, kwa hiyo chochote kilichokuwepo mwanzo kimekwisha zamani. Tangu mwaka 1999 watafiti wamekuwa wakikikuta kwenye ganda la metali linalokua pole pole sakafuni mwa Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2016 Anton Wallner na wenzake, katika chuo kile kile cha Canberra kilichoigundua nyota yetu, walitoa vipimo kutoka bahari zote kuu, ikiwemo Bahari ya Hindi. Walihesabu atomu moja moja. Chuma hicho kilitua kati ya miaka milioni 3.2 na 1.7 iliyopita, mabaki ya supanova zilizopasuka jirani, umbali wa miaka nuru isiyozidi mia chache. Wakati ule watu wa kale walikuwa wakitembea kando ya Ziwa Turkana na Olduvai. Nyota zile zingeng'aa hata mchana.

Kisha kundi jingine, lililotangaza matokeo yake mwaka 2019, lilichota kilo 500 za theluji Antaktiki, theluji ya miaka isiyozidi 20, wakaiyeyusha Munich, Ujerumani, wakachuja vumbi lake. Chuma cha 60 kilikuwemo, atomu chache. Inaelekea jua letu linapita katika wingu lenye vumbi la milipuko ya namna ile, na vumbi hilo bado linaanguka, usiku na mchana, juu ya barafu, juu ya bahari, juu ya mabati ya Lindi.